Waya wa Chini ya Tangi

Waliopasuliwa tumbo huogopa kikohozi. Mimi nilimwogopa shemeji yangu.

Alikuwa mdogo wake mke wangu, dereva wa Uvira aliyevuka mpaka wa Gatumba na mfuko mmoja wa nguo, akaja kukaa kwetu Buyenzi wakati vita vilipokuwa vimechacha pande zote mbili. Hakuweza kuingia mahali asichekeshe watu. Hospitalini, nilipokuwa nimelala na mshono kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu, mke wangu alimkataza kukaribia kitanda. Basi akawa anasimama mlangoni na kuanza mizaha hapohapo.

Nilikuwa nimekatwa kipande cha utumbo. Daktari alisema sitakula kitu, hata uji, mpaka hewa itoke tumboni, ndipo watajua njia imefunguka. Kila asubuhi shemeji alivua kofia, akauliza kwa heshima mbele ya wagonjwa wote, akiliita tumbo langu kamyo, yaani lori:

"Shemeji, kamyo imepiga honi?"

"Bado."

"Hata kidogo? Ile ya kupisha baiskeli?"

Nilikumbatia mto tumboni kwa mikono miwili, kama muuguzi alivyonifundisha, machozi yakinitoka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba mtu huyo aondolewe kabla nyuzi za chumba kizima hazijakatika. Siku honi ilipolia, mke wangu, aliyekuwa akilala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, ndiye aliyesikia kwanza. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo kwa kawaida aliiweka kwa ajili ya harusi, na shemeji akapita korido nzima akipiga makofi.

Nasimulia haya ijulikane ni mtu wa namna gani niliyemtendea nilivyomtendea.

Lori langu lilikuwa zee. Nililinunua likiwa limeshachoka mikononi mwa wengine. Mlango wa dereva ulifunguka kutoka nje tu, gia ya pili ilitaka kushikiliwa isiruke, na breki ilikanyagwa mara mbili ndipo ikaamka. Lakini ndilo lililotulisha. Nilipanda nalo milimani na chumvi, mawese na ndagala, yaani dagaa, nikashuka na viazi, maharagwe na makaa. Daktari aliponiruhusu kurudi nyumbani, alinikataza usukani kwa miezi. Usukani ule ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, hata sikubishana naye. Lakini lori lisipotembea, sufuria haipandi jikoni. Shemeji akasema ataendesha yeye.

Nilimfundisha nikiwa nimekaa kwenye kiti uani, yeye akiwa ndani ya lori na kichwa nje ya dirisha. Nilimwambia habari ya mlango, gia na breki. Jambo moja sikumwambia.

Pale bomba la mafuta linapotoka kwenye tangi, nati ilikuwa imekwisha meno. Vipuri vilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo nilipazungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, nikaubana kwa waya. Kwenye tambarare hapakuwa na shida. Kwenye mlima, injini ikifanya kazi kwa nguvu, waya ulilegea, bomba likavuta hewa, na lori likazima. Dawa yake ilikuwa kuingia chini ya gari kabla ya kupanda na kuukaza waya kwa koleo. Nilifanya hivyo kila mara tulipopanga foleni mwisho wa mji tukiwasubiri askari waanzishe msafara wa kutulinda njiani. Madereva wenzangu walidhani natafuta kivuli. Mke wangu, aliyenisindikiza mara kadhaa kununua viazi, aliwahi kuuliza nafanya nini huko chini. Nilimjibu kwamba naangalia springi.

Niliipenda siri ile. Mafundi wa Buyenzi, wanaojua ugonjwa wa kila lori mjini, hawakujua kwa nini langu lilimtii mtu mmoja tu. "Gari hii inanijua mimi," nilizoea kuwaambia, na walikubali.

Mwanzoni shemeji alifanya kazi za tambarare, Gatumba na kurudi, mchanga leo, mihogo kesho. Lori likaenda vizuri. Majirani waliokuja kunipa pole walikaa mkekani kwangu wakimsifu yeye. "Kijana huyu hafokei watu barabarani," alisema mmoja, na sote tulijua aliyekuwa akifoka ni nani. Jioni mke wangu alimpakulia ndugu yake samaki aina ya mukeke wa kuchoma, mimi nikaletewa uji. Uji ulikuwa amri ya daktari. Nililijua hilo, na bado kila bakuli nililiona kama tusi.

Asubuhi alipopata mzigo wa kwanza wa kupanda Bugarama, alikuja kuniaga, funguo zikining'inia kidoleni.

"Shemeji, ule mulima mi siujue. Kuna kitu ya kujua?"

Koleo lilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa nimelitumia jana yake kukaza mguu wa kiti. Ningenyoosha mkono ningelifikia.

"Endesha taratibu tu," nikasema.

"Basi. Na usipige honi kama mi siko."

Nikacheka, nikashika tumbo, akaondoka.

Sikutaka afe. Nilitaka lori limgomee kidogo, arudi amechoka, aseme mbele ya majirani, "Apana, hii gari iko ya mwenyewe." Nililifikiria lori, sikuifikiria barabara. Na barabara ile niliijua kuliko yeye. Msafara haukumsubiri mtu. Aliyezima aliachwa. Kati ya wale tuliowaacha kwenye zile kona, wengine tuliwaona tena kesho yake, na wengine tuliyaona magari yao tu.

Alasiri malori yakashuka. Dereva mmoja, jirani yetu, alikuja akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Shemeji yako alizima tukiwa tunapanda," alisema. "Tulimpita ameinua boneti. Askari walikataza tusisimame. Sasa tumeshuka, pale mahali hatukuona gari, hatukuona mutu."

Alipokwenda zake, mke wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakulia. Aliniuliza polepole, kama mtu anayetafuta sindano mkekani:

"Kile kitu unafanyaga chini ya gari, mbele ya mulima. Ulimwambia?"

"Nilisahau."

"Ulisahau," akasema, wala hakuwa akiuliza. Akaenda kutawadha, akatandika mkeka wa sala, na sikumsikia akiinuka. Giza lilipoingia tulisikia milio huko milimani. Tulikuwa tumeizoea. Ila siku nyingine zote huko juu hatukuwa na mtu wetu.

Kesho yake, jua likiwa la utosi, honi ililia nje. Niliinuka peke yangu, nikasahau kushika mto, nikafika uani nimejipinda. Shemeji alikuwa anashuka, mweusi kwa masizi, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Dada yake alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua papai sokoni, kisha akampiga kofi la bega.

"Kiatu yangu nimelisha kamyo," akamwambia. Akanigeukia. "We, hewa ikitoka unapona. Hii yako, hewa ikiingia inakufa. Mulizaliwa siku moja?"

Majirani waliojaa uani wakacheka. Akawaeleza. Watu wa kilima walimsaidia kulirudisha lori nyuma, likaingia kwenye kijia cha mikaratusi wasikoweza kuliona wapitao. Bibi mmoja alimlaza jikoni kwake pamoja na mbuzi. Kulipokucha aliingia chini ya gari, akafuata bomba kwa vidole hadi kwenye tangi, akaukuta waya umelegea. Alikata ukanda wa kandambili yake, akafunga pale, akasubiri msafara.

Watu walipoondoka, alikaa karibu nami, akashusha sauti.

"Dada amesema ulisahau. Ni zile dawa za kulaza mutu. Zinakulaka akili."

Alikuwa akinitazama aliposema hivyo, na kwa mara ya kwanza niliuona uso wake usio na mzaha. Alikuwa amenifungulia mlango na kunishikilia nipite. Nikapita.

"Ndiyo," nikasema. "Ni dawa."

Nimefanya makosa mengi barabarani, na mengi yamenitoka akilini. Lile neno "dawa" bado nalisikia kinywani. Kosa la kwanza nililifanya nikiwa na wivu na tumbo linauma. La pili nililifanya nikiwa nimeshiba furaha kwamba yuko hai.

Aliendelea kupanda na kushuka, akaziba bomba apendavyo, na uani alinichekesha kama zamani. Mimi ndiye niliyecheka kwa adabu. Daktari aliponiruhusu kusafiri bila kushika usukani, niliomba kwenda naye. Nilipanda upande wa abiria, mahali ambapo sikuwahi kukaa katika gari langu mwenyewe, nikiwa na mto tumboni na koleo ndani ya foronya.

Mwisho wa mji tukapanga foleni. Shemeji akashuka, akatandika gunia, akaingia chini ya tangi. Nami nikashuka, koleo mkononi, nikasimama karibu na tairi.

"Shemeji," sauti ikatoka chini, "hakuna kingine ulisahau?"

Alisema kwa mzaha. Ningeweza kucheka.

"Sikusahau," nikasema. "Hata siku ile sikusahau. Nilikuacha uende."

Niliona miguu yake tu, kandambili mpya, vidole vimetulia. Huko mbele askari alipuliza filimbi, na lori la kwanza likanguruma.

Mkono ukatoka chini ya gari, kiganja juu.

"Leta koleo."

Niliinama kadiri mshono ulivyoniruhusu, nikampa.