Muuguzi Aliyenikimbiza Kilimani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa bwana mifugo. Nyumba yangu ilikuwa Karatu, lakini kazi yangu ilikuwa huko juu Ngorongoro, kwenye majosho ya kuogeshea ng'ombe na maboma ya wafugaji, mpaka Endulen. Nilikuwa kijana mwenye afya, mke mmoja, watoto wawili, na sikujijua kuwa mwoga.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilikuwa naendesha Land Rover ya ofisi peke yangu kwenye barabara ya ukingo wa kreta. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Ghafla lori likatokea mbele yangu, limekula upande wangu wa barabara. Nililikwepa, tairi likakanyaga nyasi za ukingoni, nikasimama. Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori alinipungia mkono akaenda zake.

Nilipotaka kuondoka, moyo ukaanza kunienda mbio. Mikono ikafa ganzi, pumzi zikawa fupi, na nikajua kabisa kwamba nakufa. Nilifungua mlango, nikakaa kwenye nyasi zenye umande nikisubiri kifo. Nilisubiri mpaka suruali ikalowa, kisha nikaona haya, nikapanda gari.

Wiki iliyofuata, mahali palepale, ikanirudia. Baadaye ikanikuta kwenye foleni ya sukari, halafu kanisani katikati ya wimbo. Nikaanza kutembea na chupa ya maji kila niendako. Nikawa nashika mshipa wa mkono kusikiliza mapigo. Tena sikuendesha gari bila mwenzangu wa kazi, Mmaasai mmoja aliyesimamia josho, kukaa pembeni yangu. Siku moja alinitazama nikijishika mkono, akaniambia, "Daktari, unajipapasa kama mtu anayetaka kumnunua ng'ombe na hamwamini mwenye ng'ombe."

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali ya misheni. Daktari alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipima tena siku nyingine, akasema moyo wangu ni mzima. Kisha akanielekeza chumba cha mwisho, kwa muuguzi aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo.

"Alisomea matibabu ya mawazo na hofu," alisema.

"Kwa hiyo mimi ni kichaa?"

"Ungekuwa kichaa usingekuwa na aibu hivyo. Nenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilitegemea sindano, au kulazwa kitandani nisimulie utoto wangu, au kuambiwa nimpe Mungu mizigo yangu niende nyumbani. Nilichokuta ni meza, viti viwili, na mama wa makamo, Mwiraqw kama mimi, mwenye sweta la bluu. Alinikaribisha, akataka kujua tukio la mwisho lilivyokuwa, hatua kwa hatua. Nilikuwa wapi? Mwili ulianzia wapi kubadilika? Ni maneno gani yalinipita kichwani? Nilifanya nini baada ya hapo? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hofu yangu kwa utaratibu namna ile. Ilikuwa kama mimi ninavyomuuliza mfugaji habari za ndama mgonjwa.

Mwisho akauliza, "Ukipona, utafanya nini ambacho sasa hukifanyi?"

"Nitaendesha peke yangu mpaka Endulen na kurudi, Sista."

"Vizuri. Tutaonana kila Jumanne, mara kumi au kumi na mbili, halafu tutaagana. Mimi nitakuonyesha njia, lakini kazi kubwa utaifanya mwenyewe huko nje."

"Na dawa?"

Akanisukumia daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mke wangu alipoliona aliligeuza huku na huku. "Hata panadoli hawakukupa?"

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika. Kila hofu iliponijia, niandike ilinikuta wapi, nilifikiri nini, na iliniogofya kiasi gani kati ya sifuri na mia. Niliandikia nyuma ya zizi, majirani wasinione nikifanya masomo ya watoto. Jumanne iliyofuata alisoma kimya, kisha akasema, "Umeandika 'moyo utasimama' mara kumi na moja. Ulisimama mara ngapi?"

"Hata mara moja."

"Wewe ni mtu wa mifugo. Mtu akikuletea taarifa kwamba ng'ombe mmoja amekufa mara kumi na moja, nawe unamwona anakula majani, utaandika nini kwenye ripoti yako?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kucheka kwa sababu ya jambo hilo. Yeye hakuniambia kwamba wazo langu ni la kijinga. Alisema tu kwamba wazo si jambo lililokwisha kuthibitika, na kwamba tutalipima kama tunavyopima kitu kingine chochote.

Kulipima, nilidhani, ni kuendelea kuzungumza. Jumanne ya tatu nilimkuta amevaa raba.

"Unaogopa moyo kwenda mbio," alisema. "Leo tutaukimbiza makusudi, tuone kama utasimama."

Nyuma ya hospitali kulikuwa na kilima, na kati yake na sisi mashamba ya maharage. Tukaanza kukimbia, mimi na mama yule mwenye sare nyeupe na kofia ya kiuuguzi. Kwa bahati mbaya, Karatu mtu mzima hakimbii bure. Nyati walikuwa na mazoea ya kutoka msituni na kuingia mashambani, na watu waliotuona walijua sababu ni moja tu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alitupa jembe. "Nyati!" akapiga kelele, akafunga kanga yake vizuri, akatupita sote wawili. Wengine wanne wakamfuata. Tulipofika juu tulikuwa kundi zima, tunahema, na kila mmoja anamuuliza mwenzake mnyama yuko wapi.

"Hakuna nyati," muuguzi alisema akishika mbavu. "Huyu bwana anafanya mazoezi ya moyo."

"Si ungesema, mwanangu!" yule mama akalalamika, lakini naye alikuwa anacheka mpaka akakaa chini.

Nilipojigusa kifua, moyo ulikuwa unadunda vilevile kama siku ile ya ukungu. Mikono ilikuwa na ganzi ileile. Nilikuwa hai, nimezungukwa na wakulima wanaonilaumu. Muuguzi akaniambia niandike kwenye daftari palepale, na nikaandika: mia moja kwa mbio, kumi kwa hofu.

Sitaki kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Tuliandika ngazi ya hatua, kutoka nyepesi mpaka nzito: kukaa kwenye gari limewashwa, kuendesha mpaka geti la kuingilia Ngorongoro, kupanda hadi ukingoni na mwenzangu, kisha bila yeye. Chupa ya maji ilitakiwa ibaki nyumbani, na mkono nisiushike. Wiki nilipoacha chupa, hofu ilipanda kuliko mwanzo. Jumanne hiyo sikwenda. Iliyofuata nilikwenda nimejiandaa kugombezwa.

"Ulifikiri nini ulipobaki nyumbani?" aliuliza.

"Kwamba matibabu yameshindwa, na utanichoka."

"Andika hilo pia," alisema, akavuta kiti. "Hofu ikinyimwa ulichozoea kuipa, hupiga kelele kwanza. Usiipe."

Sikuipa. Nilirudia hatua ileile mara nne kabla ya kupanda nyingine. Mwenzangu wa josho aliposikia kwamba zamu yake ya kukaa pembeni imekwisha, alishuka getini na fimbo yake, akaufunga mlango wa gari kwa nguvu, akasema, "Haya. Mimi napenda kutembea."

Nilifika Endulen peke yangu mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Pale nilipolikwepa lori moyo ulianza mchezo wake, nikauacha uucheze, nikaendelea kubadilisha gia. Kilomita chache mbele nikagundua kwamba kwa dakika kadhaa nilikuwa nikiwaza habari za kupe. Nilichanja ndama mpaka mchana, nikanywa maziwa ya boma, nikarudi.

Hofu ilinitembelea tena miaka iliyofuata, mara mbili tatu hivi, lakini haikukaa. Jumanne yetu ya mwisho muuguzi aliniambia niandike mwenyewe ukurasa wa nitakachofanya ikirudi. Niliandika, akasoma, akasahihisha neno moja tu. Halafu akanirudishia daftari.

"Bwana mifugo," alisema, "nina ng'ombe nyumbani, kiwele kimevimba, hataki kukamuliwa. Kila mtu ananipa ushauri wake."

Nilimuuliza ilianza lini, upande gani, na maziwa yana rangi gani. Alinijibu kwa utaratibu mzuri sana. Alasiri hiyo tulikwenda kumtazama, nikamtibu, na baada ya siku tano ng'ombe alikuwa anakamuliwa kama kawaida.