Pikapu ya Mama Aline na Mlima wa Mudende

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha mafuta cha Nengo, shefu, yaani mkuu wa kituo, hakunipa pampu. Alinipa kitambaa, akaniamuru nifungue kifuniko cha tangi cha kila gari linaloingia na kusoma kibandiko cha ndani kinachotaja mafuta yake. Nilivisoma mpaka nikaviota.

"Kila gari iko na tumbo yake," aliniambia. "Usiilishe kwa kubahatisha."

Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya jioni, kichwa kimejaa fizikia, nikidhani dunia nzima inanisubiri niieleze okteni. Basi nanyi sikieni. Okteni ni namba ya uvumilivu wa petroli. Ndani ya silinda, pistoni huibana petroli pamoja na hewa mpaka buji, yaani plagi, irushe cheche. Petroli ya namba ndogo ikibanwa kupita kiasi hukosa subira, huwaka yenyewe, na moteri hugonga ka-ka-ka kama mtu anakaanga mawe. Namba kubwa haiongezi nguvu wala haisamehe dhambi. Gari lililoandikiwa ya kawaida, lipe ya kawaida.

Huku kwetu juu milimani hewa ni nyepesi, silinda hazijai sana, kwa hiyo magari mengi ya zamani yaliyoandikiwa super, petroli ya namba kubwa, yalipanda vizuri kwa ya kawaida. Madereva wote wa Gisenyi walijua hivyo. Ndicho kilichotaka kumponza Mama Aline, mfanyabiashara wa viazi.

Aliingia na pikapu iliyotumika aliyoinunua karibuni, amebeba mbolea ya kupeleka Mudende, magunia mazito kuliko tembo wawili, uso umekunjamana.

"Shefu, moteri imekufa. Nikipanda tu, inagonga. Kesho nauza hii gari. Biashara yangu imeisha."

"Unaweka petroli gani?"

"Ya kawaida, kama wote! Si munasema huku hewa iko nyepesi?"

"Bon. Lakini yako iko na turbo, Mama. Turbo inashindilia hewa kwa nguvu. Donc hii gari haijui kama iko kwa milima."

Nilifuta tope kwenye kibandiko: super peke yake. Tangi lilikuwa karibu tupu, tukalijaza super. Shefu akapanda mbele, akaniita nyuma juu ya mbolea. "Njoo, mwanafizikia, tukasikilize."

Tukaanza kupanda Mudende. Kona ya kwanza moteri iligonga kidogo, kwa mabaki ya petroli ya zamani. Kona iliyofuata, kimya. Mlima ukasimama wima kama ukuta, kimya.

"Yampaye inka!" Mama Aline alipiga kelele kwa Kinyarwanda, haamini masikio yake. "Imenyamaza!"

"Na we nyamaza basi, tusikie," shefu akamjibu, huku anacheka mpaka machozi.

Pikapu haikuuzwa. Baadaye nilihamishiwa Mahoko, nikawa shefu mimi mwenyewe, na kila kijana aliyekuja nilimpa kitambaa kwanza.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza kujaza matangi miaka yote kulinipa nini. Kulinipa sikio, nami namshukuru yule shefu wa Nengo aliyelifungua. Asubuhi nyingine Mama Aline hupita mbele ya nyumba yangu akielekea mlimani na mzigo wake. Hapigi honi. Hushusha kioo, hukanyaga mafuta, nami hutega sikio nikifurahia kutosikia ka-ka-ka.