Shamba la Shadya Lililo Chini ya Maji

Maji yanapwa Mlingotini, kijiji cha pwani ya Bagamoyo, na Shadya Mwishehe yumo baharini hadi magotini, ameinamia kamba ya mwani. Simu ameitia kwenye mfuko wa nailoni, ameining'iniza shingoni. Ni bamvua la mwezi mwandamo, siku ambazo bahari hupwa hadi mbali, na kina mama wa kikundi chake wametapakaa majini kama wako kondeni.

"Msomi, hiyo kamba umeifunga kama mzigo wa kuni," anamtania shangazi yake, Bi Kibibi. "Ukija mkondo utakwenda nayo Unguja."

"Ikifika Unguja si itauzwa ghali zaidi, shangazi?"

Kina mama wanacheka.

Shadya, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, ni mtoto wa Dunda, mjini Bagamoyo. Alisomea biashara chuo kikuu jijini Dar es Salaam, akamaliza, kisha akazunguka na bahasha maofisini miaka miwili. Kazi hakuna. Wakubwa wanawaambia vijana wajiajiri, kana kwamba kujiajiri ni kuokota maembe. Aliyemshika mkono ni shangazi, akamwingiza majini.

Mwaka jana chuo chake kikafungua kituo cha kulea biashara changa za wanafunzi na wahitimu. Shadya akaomba, akachaguliwa. Haki isemwe, walimfundisha kutengeneza sabuni ya mwani na kuitafutia soko. Mwani mkavu mnunuzi anauchukua kwa shilingi mia saba kilo. Kipande kimoja cha sabuni yake kinakwenda elfu mbili na mia tano.

Kilichobaki ni kaushio, banda la nailoni linalokausha mwani hata mawingu yakitanda. Masika iliyopita mvua iliyanyeshea mavuno yakiwa vichanjani, yakaoza yote. Kituo kiliahidi kaushio kwa atakayevuka hatua ya pili, ila kwanza wakubwa walione shamba.

Wakaja. Tarehe walijipangia wenyewe, kwenye kiyoyozi chao, ikaangukia maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sawasawa na asubuhi inakuwa imejaa. Shadya alijua. Hakusema.

"Kwetu mgeni akisema anakuja, humwambii asije," anaeleza. "Nilijibu karibuni. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka."

Wageni watatu wakasimama mchangani na viatu vyao vinavyong'aa.

"Shamba liko wapi?" mmoja akauliza.

"Liko hapo chini, bosi."

"Chini wapi?"

Shadya akanyoosha kidole baharini. Wakatazamana. Wakayapiga picha maji, wakala wali, wakaondoka. Ripoti ikasema shamba halikuonekana. Ndivyo walivyo wakubwa: kosa likiwa la wawili, linaandikwa jina la mdogo.

Nyumbani nako hakuonewa huruma. "Uliwaonea haya," Bi Kibibi alimwambia, "na haya haikaushi mwani."

Sasa simu inaita mle ndani ya mfuko. Ni Muzammil, kijana anayesimamia miradi pale kituoni.

"Dada Shadya, nimewabembeleza, wamekubali kurudi. Alhamisi ijayo, saa nne."

Shadya anahesabu mwezi kichwani.

"Alhamisi hapana, kaka."

"Hapana vipi? Mkurugenzi ana nafasi siku hiyo tu."

"Yatakuwa maji mafu tena. Wataona walichokwisha kukiona. Waje mwezi ukifika kumi na nne, saa hiyohiyo ya nne, na wavae viatu vya kuloana."

"Wanaweza kukuondoa, dada."

"Najua."

"Haya. Ngoja nikamwambie mkurugenzi." Simu inakatika.

Bi Kibibi anampokeza kamba nyingine.

Hadi makala haya yanaandikwa, mkurugenzi hajajibu. Kaushio likipatikana, Shadya anataka kikundi kiache kumtegemea mnunuzi, sabuni itoke Mlingotini na jina la Mlingotini. Asipolipata, atauza sabuni hizohizo chache mpaka ajenge la kwake, hata likichukua miaka.

"Mara ya kwanza nilikosa kwa adabu," anasema, huku akikaza fundo kwa meno. "Nikikosa safari hii, angalau watakuwa wameambiwa shamba linaonekana lini."