Siku Niliyomtoa Mama Kwenye Boksi

Kuna kisa changu kimoja ambacho soko lote la Nunguni linakijua, na kila anayekisimulia hukisimulia akicheka, na mimi hucheka pamoja naye ili nisionekane mtu wa hasira, lakini ukweli ni kwamba nikifika pale katikati mikono hutoa jasho, kwa sababu wanaocheka hawakuwa nyuma ya ule mlango wa stoo. Mimi nilikuwa. Na aibu yangu si ile wanayoifikiria.

Naitwa Mutinda, natengeneza simu sokoni, na Jumapili nashughulikia spika na maikrofoni za kanisa letu, kwa hivyo nina ufunguo (huo ufunguo muukumbuke). Jambo la pili ni kwamba napenda gemu za mezani. Si karata wala drafti ya vizibo vya soda, hizi ni za sanamu ndogo za plastiki ngumu, urefu wa kidole gumba hivi, mashujaa upande huu na mazimwi upande ule, mnarusha dadu na kupigana hadi mmoja aishiwe na jeshi. Nacheza na marafiki wawili Machakos, Jumamosi moja kila mwezi, na mama anaamini huwa nimeenda kununua spea (na spea pia hununua, sikumdanganya kabisa). Sanamu zenyewe hazipatikani dukani. Watengenezaji huitisha harambee kwa mtandao, wanaonyesha michoro, watu wa dunia nzima wanachanga, halafu mnangoja. Mimi nilingoja miaka miwili, nikasahau, nikakumbuka, nikasahau tena.

Sasa, harambee hiyo ilikuwa na zawadi: aliyechanga mapema angeweza kutuma picha ya mtu mmoja, naye atengenezwe sanamu, awe shujaa katika jeshi lake. Wengine walituma picha zao wenyewe. Mimi nilimtuma mama.

Msinicheke. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na aliyelima yale matuta ya mteremkoni peke yake ni huyo mama, na mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu polio ya utotoni, huvaa kiatu chenye soli nene kama tofali, na Nunguni nzima hakuna kiatu kingine kama hicho. Nilimpiga picha akitoka shambani bila yeye kujua, kiondo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, panga mkononi, na nikajiambia kwamba kama kuna mtu anayefaa kukabiliana na mazimwi basi ni huyu. Nilitaka iwe zawadi ya kumshtua. Nilifaulu.

Mzigo ulifika Alhamisi ya mwezi wa saba, wakati ule ukungu wetu unakaa hadi saa nane na huwezi kuona mbuzi wako mwenyewe ukiwa umemshika kamba. Na mjue pia kwamba wakati huo mguu huo wa kushoto wa mama ulikuwa umevimba kwa wiki sita, dawa za hospitali hazikuwa zimesaidia, na wamama wa kanisa walikuwa wameanza kusema kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa wa namna hii una mwenyewe. Walikuwa hawajataja mtu. Walisema tu, kuna mtu.

Marafiki zangu walikuwa wameniamuru nisifungue boksi bila kurekodi video. Kibanda changu ni giza, nyumbani ni giza, lakini kanisa letu, pale juu ya madhabahu, liliwekwa mabati yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, na chini yake kuna meza ya ushirika, pana, yenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Maombi ya wamama huanza saa nane. Ilikuwa saa tano. Nikasema, nusu saa tu, nani atajua? Huo ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote yalizaliwa hapo.

Nikaingia kupitia mlango wa nje wa stoo, mlango mkubwa ukabaki umefungwa, nikaegemeza simu kwenye Biblia kubwa (ndiyo, najua), nikakata selotepu, nikaanza kuwapanga. Mifupa inayotembea kumi na miwili. Wenye pembe, wenye mabawa, mmoja aliyetoa ulimi hadi kifuani. Halafu, kwenye kifuko chake peke yake, mama. Walimtengeneza vizuri hadi nikanyamaza mbele ya video yangu mwenyewe, kwa sababu kiatu kilikuwepo, kamba ya kiondo ilikuwepo, hata ule mkunjo wa mdomo anaoufanya akiona mtu anamwibia avokado. Nikamsimamisha mbele ya wote, katikati ya kitambaa.

Ndipo niliposikia wimbo getini. Wamama walikuwa wameamua kuja mapema, wamefunga kula, wamwombee mama mguu, na mama mwenyewe alikuwa nao.

Mtu mwenye akili angesema karibuni, hii ni gemu, mama njoo ujione. Mimi nilitazama mazimwi hamsini juu ya meza ya ushirika na akili ikakauka. Nikawasomba kwa mkono kama mtu anayepepeta maharagwe, nikawatia ndani ya boksi, nikatia simu mfukoni, nikaingia stoo ya spika nyuma ya madhabahu na kufunga mlango. Humo, nikiwa nimepiga magoti gizani, nikawahesabu kwa vidole. Mifupa walikuwa kumi na wawili, wametimia. Mama hakuwepo. Chini ya boksi nikagusa kitu kidogo, nikakitoa, nikakisogeza kwenye mwanga unaopita chini ya mlango. Kilikuwa mguu wake wa kushoto, wenye kiatu, umekatika kwenye goti.

Upande wa pili waliimba, wakaomba, wakapiga magoti. Halafu maombi yakakatika katikati ya neno. Mama Mwikali, mwenyekiti wao, akasema kuna kitu kimenaswa kwenye kitambaa cha meza, wengine wakasema usikiguse, na mwishowe nikasikia ile fimbo ya mama ikigonga saruji polepole hadi mbele.

"Huyu ni mimi," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Mguu hauko."

Hakulia. Angelia ningetoka, najiambia hivyo kila mara, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa, na mimi nikabaki na mguu wake kwenye kiganja, nikifikiria wataniondoa kwenye mitambo, pastor ataniita mbele, mama ataniona mtoto wa aina gani. Mlango ulikuwa hatua moja tu. Nikajiambia wataomba, watachoma hiyo sanamu, yataisha.

Kisha wakaanza kuuliza ni nani mwingine mwenye ufunguo. Walinitaja mimi na kunivuka haraka, kwa sababu nani humfanyia mama yake hivyo? Aliyebaki ni Susu Syokau, na susu kwetu ni nyanya, mjane wa miaka themanini hivi anayefagia kanisa kila Jumatano. Alikuwa amefagia jana yake. Na aliolewa huku kutoka Kitui, upande wa Kwa Vonza, na sisi wa Makueni tuna ujinga wetu, mtu akitoka Kitui hata akipika chai nzuri tunauliza ameweka nini. Mwaka uliopita alikuwa amezozana na mama kuhusu ua wa mkonge. Mama Mwikali hakusema kwa nguvu. Alisema, "Basi ni Syokau," na mwingine akasema twende tuwaambie wanaume.

Nilisikia jina. Hilo ndilo nataka mlielewe. Nilisikia jina, nikatoka kwa mlango wa nje wa stoo, boksi chini ya sweta, nikaenda kibandani nikawasha taa na kuanza kufungua simu ya mteja iliyokuwa haina shida.

Haikupita saa moja. Soko letu likichangamka lina kelele, lakini likikasirika hunyamaza, na nilipoona waendesha boda wanaondoka stendi bila abiria, kwa miguu, wote upande mmoja, nikaweka bisibisi chini. Mmoja alibeba mtungi wa njano wa lita tano. Alipopita mbele ya kibanda changu nilisikia harufu, na haikuwa ya mafuta ya taa. Ilikuwa petroli.

Nilikimbia. Sijui nilikimbiaje na boksi. Nyumba ya Susu Syokau iko bondeni chini ya shule, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliwasikia watu kabla sijawaona, na nikasikia mtu akibisha mlango na kumwambia atoke, kwa adabu kabisa, kama mtu anayeita jirani. Adabu hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nikapenya, nikapita wamama, nikafika mlangoni, nikageuka. Kwa kukosa neno, nikapindua boksi.

Kama mnafikiri hilo lilisaidia, nanyi hamna akili zaidi yangu. Mazimwi hamsini yalimwagika kwenye majani mbele ya watu waliokuwa wanatafuta mchawi. Kila mtu alirudi nyuma hatua tatu. Kisha mwanaume mmoja, mteja wangu, niliyemwekea kioo cha simu wiki iyo hiyo, akasema polepole, "Kumbe ni yeye. Ametengeneza mama yake." Na mwenye mtungi akanigeukia.

Nikatoa simu niwaonyeshe video, ikawa imezima, nilikuwa nimeiacha ikirekodi hadi betri ikaisha (fundi wa simu, jamani). Nikajaribu kueleza harambee, watu wa ng'ambo, dadu, na kila neno nililotoa lilikuwa linazidi kunichimbia kaburi. Nilifikiri, ni leo, ni hapa, na ni mbele yake.

Fimbo ikagonga mawe. Watu wakampisha mama. Alikuwa amekunja ile sanamu kwenye leso, akaifungua, akanyoosha mkono mwingine, nami nikamwekea mguu kiganjani. Akavilinganisha. Vikaingiana.

"Ni wewe ulinitengeneza hivi?"

"Ni mimi, mama."

"Unifanye nini?"

"Upigane na hawa." Nikaonyesha majani. "Ni gemu. Wewe ndio mkubwa kuliko wote. Hakuna mwenye anaweza kukushinda."

Akatazama yale mapembe na mabawa kwa muda mrefu. Nilidhani yamekwisha. Halafu akatazama mlango uliofungwa nyuma yangu.

"Tukiongea kule kanisani ulikuwa wapi?"

"Kwa stoo."

"Ulisikia jina la Syokau?"

Ningeweza kudanganya, na nafikiri angenikubalia. "Nilisikia."

Fimbo ikaniangukia begani, kisha mgongoni, kisha makalioni, na mimi, mwanaume wa miaka thelathini na moja, mwenye ndevu na cheti cha ufundi, nikazunguka kwenye mazimwi yangu nikisema pole mama, pole mama, sitarudia, hadi nikakanyaga yule wa ulimi na kuanguka. Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Ni vigumu kumwogopa mchawi anayechapwa na mama yake, na kicheko kilipoenea nilimwona mwenye mtungi akiuficha nyuma ya mguu wake, kisha akaondoka nao kimya kimya. Hicho ndicho wanachokumbuka, zile fimbo. Mimi zile fimbo nilizipenda.

Wengi walipokwisha kuondoka, mama alibisha mlango, akajitaja jina, akaomba msamaha akiwa nje. Ilichukua muda. Susu Syokau alipofungua alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, viatu vimepakwa rangi, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, Biblia kwapani. Mama akamuuliza alikuwa anaenda wapi.

"Sikuwa naenda," akasema. "Nilitaka wakinichukua, wanipate nikiwa safi."

Hapo sikuwa na pa kuweka uso wangu. Niliomba msamaha, akaniambia amesikia, hakusema amesamehe, na mpaka leo hajasema. Siku hizi nafagia kanisa mimi kila Jumatano, na ufunguo wake bado anao, ila haendi nao mahali.

Mguu wa mama ulipona kwa dawa za hospitali nyingine, kule Makindu. Sanamu niliigandisha kwa gundi ya simu, yuko kwenye kabati ya vikombe, na mwezi uliopita alinifuata jikoni akaniuliza kama ni kweli, kwenye gemu, hao wote wenye pembe huwa anawashinda. Nikamwambia wote, hajawahi kushindwa hata mara moja.

"Hamsini?"

"Hamsini, mama."

Akaendelea kuchambua muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa. "Na wewe ukashindwa na wamama wanane," akasema, "na mlango ulikuwa hauna hata kufuli."

Kuna harambee nyingine imefunguliwa mtandaoni, ya majoka. Nimechanga, siwezi kuwadanganya. Lakini nimeapa boksi hilo likija nitalifungua sokoni, juu ya benchi, saa sita mchana, kila anayepita aone. Na nikisikia jina la mtu likitajwa mahali, hata nikiwa uchi bafuni, nitatoka.