Falaniko Aliyemngoja Manumea

Kwaya nzima iliogopa sikio la Falaniko. Ukiteleza kidogo tu kwenye sauti, hata kama umejificha katikati ya wanawake wa safu ya nyuma, alisimamisha wimbo akakutazama wewe, si jirani yako. "Wewe," angesema, "leo umeimba kama mlango." Watu wangecheka mpaka mchungaji akohoe. Hakuna kijijini, huko juu kwenye mteremko wa Savai'i, kisiwa cha Samoa, aliyewahi kumbishia na akashinda.

Sikio lile alilipata msituni. Baba yake, Mosese, alikuwa mwindaji wa lupe, wale njiwa wakubwa wa msituni ambao nyama yao ilipendwa sana kwenye chakula cha Jumapili. Tangu Falaniko akiwa mdogo walikuwa wakipanda mlimani pamoja alfajiri, wakaketi chini ya miti ya maota wakati matunda yake yameiva, wakasikiliza. Lupe walikuwa wengi na kelele zao zilikuwa nyingi. Lakini mara mojamoja ilitoka sauti nyingine katikati yao, nzito, ya chini, ya kuvuta, kama ndama aliyeachwa na mama yake ng'ambo ya bonde.

"Manumea," baba yake alinong'ona, akashusha bunduki.

Manumea naye ni njiwa, ila hafanani na njiwa mwingine. Mgongo wake ni wa kahawia iliyokolea, na mdomo wake mwekundu umepinda kama wa kasuku, una menomeno upande wa chini. Nje ya Samoa hayupo. Mosese hakumpiga kwa kusudi, lakini ndani ya majani mazito njiwa wote ni kivuli kimoja, na zaidi ya mara moja manumea aliishia kwenye mawe ya moto pamoja na lupe, akaliwa kwa magimbi na tui kama wenzake. Wakati ule hakuna aliyeona tatizo. Walikuwepo, na walionekana kama watakuwepo.

Kisha zikaja zile tufani mbili, moja mgongoni mwa nyingine. Msitu ulibaki kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Njiwa waliopona walijazana kwenye miti michache iliyosimama, na watu waliokuwa na njaa waliwafuata huko huko. Mosese alifariki mwaka uliofuata. Miti ikaota tena polepole, lupe wakarudi, popo wakarudi. Sauti ya ndama haikurudi.

Falaniko alioa, akapata watoto, watoto wakakua wakaenda Aukilandi, ng'ambo ya bahari, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa kila nyumba. Yeye na mkewe Sulieti wakabaki na nyumba yao isiyo na kuta, yenye mikeka mingi kuliko makalio. Hakumweleza mtu, lakini kila alipokwenda shambani kung'oa magimbi alipitia ukingo wa msitu, akavua kofia, akasimama. Mchana kweupe, jembe begani, anasikiliza. Kisha anavaa kofia yake anaendelea na safari.

Sulieti alijua. "Umechelewa tena," angemwambia. "Alikuwepo?"

"Nani?"

"Huyo mke mwenzangu wa kwenye miti."

Falaniko angecheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Alikuwa na mvi tayari siku Pelenatete alipofika kijijini. Alikuwa msichana wa Apia, mji mkuu, mtaalamu wa ndege wa porini, ana mkoba mzito mgongoni na heshima za nyumbani kwao: aliinama alipopita mbele ya wazee, akakaa chini kwa kukunja miguu, akangoja apewe nafasi ya kusema. Alipopewa, alisema anatafuta habari za manumea.

Kolio, jirani wa Falaniko, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alidakia. "Manumea? Nimemwona jana dukani! Yuko kwenye noti ya tala ishirini. Amenona kabisa."

Nyumba nzima ilicheka, na Pelenatete akacheka nao. "Huyo ndiye pekee ninayemwona na mimi, mzee wangu. Na wa kwangu hakai siku mbili mfukoni."

Hapo wakampenda. Falaniko peke yake hakucheka. Alimsogezea kikombe cha kakao, akauliza, "Ukishapata hizo habari, binti yangu, unazifanyia nini?"

"Tunampima. Yaani tunapima yuko karibu kiasi gani na kutoweka. Wamebaki wangapi, wanapungua kwa kasi gani, msitu wao umebaki mkubwa kiasi gani, umekatika vipande au bado ni mmoja. Tukishajua hayo, anawekwa kwenye daraja lake. Kuna walio salama. Kuna walio hatarini. Kuna walio hatarini kabisa, na manumea yuko hapo. Na kila baada ya miaka kadhaa tunapima upya."

"Na baada ya hapo alipo?"

"Baada ya hapo ni waliokwisha."



"Nani anasema amekwisha?" Falaniko akauliza.

"Hapo ndipo pagumu, mzee. Kusema yupo, anatosha mmoja. Kusema hayupo, lazima uwe umemtafuta kila mahali anapoweza kuwa, kwa majira yake, kwa muda mrefu kuliko umri wake, mpaka usibakiwe na shaka. Ukisema mapema, watu wanaacha kumlinda, na kama alikuwepo, basi umemuua wewe. Ukikawia mno, unajidanganya. Mwaka huu kuna wenzangu wanaotaka tuongeze neno mbele ya jina lake: huenda ametoweka."

Falaniko aliweka kikombe chake chini. "Kesho unapanda saa ngapi?"

Walipanda mlimani wote wawili majira yote ya maota kuiva. Pelenatete alifunga vinasa sauti kwenye miti, visanduku vidogo vya kijani vinavyosikiliza msitu mchana na usiku. Falaniko alimwonyesha mahali baba yake alipokuwa akikaa. Kwa miezi walisikia lupe, walisikia kuku wa porini, walisikia mvua. Jioni Pelenatete alikaa nyumbani kwa Sulieti akitazama mistari ya sauti kwenye kompyuta yake, na Sulieti alimlisha mpaka akalalamika kwamba nguo zake hazifungi.

Halafu ikaja asubuhi ile ya ukungu. Pelenatete alikuwa chini kwenye kijito akibadilisha betri za kinasa. Falaniko alikuwa juu peke yake, amekaa kwenye mzizi. Sauti ikatoka upande wa bonde: nzito, ya chini, ya kuvuta. Ikanyamaza. Ikatoka tena.

Hakusimama. Alihisi harufu ya mafuta ya bunduki ya baba yake, akasikia pumzi ya Mosese karibu na shavu lake kana kwamba mzee amehama kidogo tu kumpisha mtu. Pelenatete alipopanda alimkuta analia bila kujificha, kofia kifuani.

"Nimemsikia," alisema. "Mwanangu, nimemsikia."

Habari ilimtangulia kijijini. Jumapili ile mchungaji alishukuru madhabahuni kwa ajili ya ndege, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kwaya iliimba hata wale wenye sauti za mlango wakasamehewa. Kolio alimshika mkono Falaniko mbele ya watu. "Nilimfanyia mzaha ndege wako," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu." Sulieti alichinja nguruwe. Falaniko alipiga simu Aukilandi, akawaigizia wajukuu ile sauti mpaka wakaanguka kwa kucheka. "Babu amekuwa ng'ombe!" walipiga kelele, na yeye akacheka kuliko wao.

Pelenatete hakusherehekea sana. Alikula, alishukuru, kisha akamwita kando.

"Mzee, kinasa nacho kimeishika ile sauti. Nimeisikiliza mara nyingi. Lupe dume naye ana mlio wa chini, wakati mwingine. Ninaomba turudi tumwone kwa macho."

"Unadhani sijui lupe?"

"Najua unamjua. Ndiyo maana nataka turudi pamoja."

Walirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Ndege alikuwa na mazoea, akawa anaimba upande ule ule. Hatimaye asubuhi moja jua lilipiga kwenye mti wenyewe, na sauti ikatoka, nzito, ya kuvuta, na Pelenatete akampa Falaniko darubini bila kusema neno.

Tawini alikuwepo lupe, mkubwa, mweusi wa kung'aa. Mdomo wake ulikuwa mnyoofu. Alivimbisha shingo, na ile sauti ikatoka kwake mwenyewe.

Falaniko alimtazama mpaka aliporuka. Kisha akarudisha darubini, akaanza kushuka.

Kijiji hakikuwa katili, lakini kijiji ni kijiji. Kijana mmoja alilia kama ndama nyuma ya duka, na wenzake wakacheka. Kolio alimfukuza kijana yule kwa kandambili, akarudi anahema. Falaniko hakuona afadhali. Jumatano alipotakiwa kwenye mazoezi ya kwaya alituma salamu kwamba anaumwa.

"Unaumwa wapi?" Sulieti aliuliza.

"Sikio."

Mkewe alikaa karibu naye akaendelea kusuka mkeka wake. Baada ya muda alisema, "Lusia mwanetu alipoondoka kwenda Aukilandi, mwaka wa kwanza, kila gari lililosimama barabarani nilitoka nje. Nilikuwa naujua mlio wa mlango wa basi na wa gari la mkaa, nikijua si yeye. Nilitoka tu. Sikio langu lilikuwa na kasoro gani?"

Usiku ule usingizi ambao Falaniko aliukosa siku nyingi ulimpata.

Mkutano wa kumpima manumea ulifanyika Apia, kwenye ukumbi wenye feni zinazolia. Pelenatete alimwomba aje. Falaniko alikataa, kisha Sulieti akampigia pasi shati jeupe bila kumuuliza, akalitundika mahali ambapo hakuweza kulikwepa.

Wataalamu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, wengine wametoka mbali. Waliongea kwa upole. Walipitia vinasa sauti, picha za msitu kutoka juu, na maadui wa njiwa: paka mwitu, panya, bunduki. Mmoja wao, mwanamke mwenye nywele fupi, alisema waziwazi kwamba anaona muda umefika wa kuandika huenda ametoweka. "Hatufanyi hivyo kwa kumchukia," alisema. "Ninampenda ndege huyu. Nimemtafuta miaka kumi. Lakini hatupimi mapenzi yetu."

Kisha wakamgeukia Falaniko wamsikie.

Angeweza kusema mengi. Ndani yake bado kulikuwa na mtu aliyeamini kwamba ile asubuhi ya ukungu, mara ya kwanza, haikuwa lupe. Kwamba walikuwa wawili, na mmoja aliondoka. Alikaribia kulisema neno hilo. Alilionja. Mwanamke mwenye nywele fupi alikuwa ameinama kumwelekea kwa hamu, na Falaniko akaona machoni mwake kwamba naye anataka kuambiwa ndiyo.

"Niliyemsikia ni lupe," Falaniko alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Nilitaka sana awe mwingine. Tangu tufani ile ya pili sijamsikia manumea hata mara moja, na nimesikiliza."

Mwanamke yule aliandika, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Asante, mzee," alisema. "Kusema hivyo si rahisi."

Waliendelea mpaka alasiri. Pelenatete alitandaza ramani, akaonyesha yale mabonde ya ndani ya Savai'i nyuma ya uwanja wa mawe ya volkano, ambako maota zimesimama na hakuna aliyeweka kinasa wala kukanyaga kwa majira yote. Palikuwa pia na watu wawili wa kisiwa cha Upolu waliodai kumwona kwa kufumba na kufumbua, na hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha. Walibishana kwa heshima, wakabishana kidogo bila heshima, wakanywa chai. Mwisho wakakubaliana: manumea abaki hatarini kabisa, bila neno la kuongezwa, kwa kuwa msitu haujatafutwa wote. Mwanamke mwenye nywele fupi alitia sahihi pamoja na wengine, na alipotoka alimshika Falaniko mkono muda mrefu.

Falaniko alirudi kwenye kwaya Jumatano iliyofuata. Waliimba ubeti mmoja, na kwenye ubeti wa pili akasimamisha, akamtazama Kolio. "Mlango," alisema, na watu wakacheka kwa raha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Majira yaliyofuata walikwenda kwenye yale mabonde, yeye na Pelenatete na vijana wa kubeba mizigo. Msitu wa huko ulikuwa wa zamani, mzito, kama ule wa baba yake, na kila asubuhi Falaniko alivua kofia. Hawakumsikia. Walikwenda tena mwaka mwingine, upande wa pili. Hawakumsikia. Mwaka wa tatu magoti yake yalikataa, akabaki kijijini, na vijana waliporudi aliwakalisha chini mmoja mmoja, akataka wamweleze kila sauti: lupe wangapi, upande gani, kulikuwa na upepo? Walimweleza kwa subira, ingawa walikuwa wamechoka na matope yamewakaukia miguuni. Alisikiliza amefumba macho.

Siku hizi Pelenatete humpigia simu kila maota zinapoiva. Wakati wa kupima upya umekaribia tena, na Sulieti anasema safari hii mumewe asivae lile shati, limechakaa kola.

"Vipi, mzee wangu?" Pelenatete huuliza. "Kuna lolote?"

Falaniko hutazama mteremko, ambapo ukungu hupanda taratibu kutoka kwenye miti.

"Bado," husema.

"Bado," Pelenatete hujibu, na wote wawili hukaa kidogo kwenye simu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata.