Nukta za Uso wa Pili

Lorna Petrauskas alichora vioo vya maghorofa ya Toronto kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo alivitazama kutoka ndani. Ofisini walimwita Shangazi Nukta, kwa sababu ya nukta nyeupe alizotia kwenye vioo ili ndege wajue kwamba pale hapapitiki.

Jengo lake la kwanza la nukta lilisimama ukingoni mwa bonde la mto. Kioo cha ghorofa ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja, na mafundi huhesabu nyuso zake kuanzia nje: wa kwanza hadi wa nne. Lorna aliweka nukta uso wa pili, mle katikati, ambamo barafu haizifikii. Sasa jengo la pili, pacha wa lile, lilikuwa liagiziwe vioo Ijumaa, kwa mchoro uleule.

Jumatano asubuhi, mwisho wa Septemba, alipita chini ya lile la kwanza akamkuta mwosha vioo mmoja, Fitzroy, anakunjua kamba. Fitzroy akasoma kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Lorna.

"Kumbe ndiye wewe! Shangazi Nukta mwenyewe."

"Nani kakwambia hilo jina?"

"Sisi wa kamba tunajua yote, mama. Njoo uwaone wageni wako."

Akampandisha kwenye baraza ya ghorofa ya pili. Jua lilikuwa bado chini, likilamba kioo kwa ubavu, na Lorna akawaona: ndege wa vumbi. Mabawa yaliyotandazwa, unyoya kwa unyoya, kifua, hata duara dogo la jicho. Walikuwa kumi, labda kumi na wawili, wakielea pale kama pumzi.

"Wanaacha unga wa manyoya yao," alisema Fitzroy. "Wenyewe wanaokotwa chini kabla hamjafika kazini. Mimi nafuta hivi vivuli. Kila vuli, ndege wakihamia kusini."

"Lakini nukta..."

"Nukta zipi? Hebu rudi nyuma utazame."

Lorna akarudi hatua tano. Nukta hazikuwepo. Palikuwa na msitu. Miti ya bondeni iliingia ndani ya kioo ikaendelea, myekundu na ya njano, na katikati yake palikuwa na uwazi wenye mwanga, na mawingu yakipita polepole kule mbali. Alitamani kuingia. Alitembea akinyoosha mkono, na vidole vilipogusa baridi alishtuka kama mtu aliyeamshwa.

Mchana alisimama mlangoni kwa bosi wake, Ansel.

"Nukta ziende uso wa kwanza. Nje kabisa. Huko katikati taswira ya anga inazifunika."

Ansel akavua miwani. "Sawa, badilisha. Ila kimyakimya."

"Na lile lililokwisha jengwa?"

"Lorna, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Mteja akijua tulikosea, atataka jina."

"Ninalo jina. Tukinyamaza, lile litaendelea kuua."

"Wewe ambaye hata kwenye keki ya siku yako ya kuzaliwa hutoi neno?"

"Keki haiui ndege," alisema Lorna.

Ijumaa alimwambia mteja mwenyewe, mbele ya watu tisa, akitazama meza: "Mchoro ulikuwa wangu. Nilikosea." Mteja aliagiza vioo vipya kwa uso wa kwanza. Kuhusu kubandika nukta nje ya jengo la kwanza, alisema ataamua majira ya kuchipua. Kisha akaomba kazi zake zichorwe na mtu mwingine.

Lorna akaenda kumwambia Fitzroy.

"Majira ya kuchipua?" Fitzroy aliitazama ndoo yake ya sabuni. Akaanza kupaka povu zito upande wa bonde, mistari minene, karibukaribu, bila kuisuuza. Msitu ukakatikakatika.

"Si watakufukuza?"

"Nitasema bado naosha. Shika brashi hiyo, shangazi, anzia chini."