Kauli ya Tatu

Jirani yangu hapa Kizwite hupikia magunzi ya mahindi. Mvua zikianza na mkaa ukilowa, huwasha lundo la magunzi makavu nyuma ya jiko lake, na moshi wake, ule mtamu kidogo unaokaribia kunukia uji ulioungua, hupita juu ya ukuta na kuingia dirishani kwangu. Wengi waliokulia huku Ufipa huipenda harufu hiyo, huwakumbusha bibi zao. Mimi hunipandisha hasira. Nalifunga dirisha kwa kishindo, na mume wangu, ambaye ameshazoea, huniuliza tu, "Magunzi?" Nami humjibu ndiyo, magunzi.

Niwaeleze basi, maana sijawahi kulieleza jambo hili kwa mpangilio, na kazi yangu mimi ni kufundisha mpangilio. Nafundisha mantiki chuoni. Huwaonyesha vijana jinsi ya kutoka kwenye wanayoyajua kwenda kwenye wasiyoyajua bila kuteleza njiani. Somo hilo nililianza nikiwa na miaka minane, mtaani kwetu Malangali, nimekaa juu ya gunia tupu napukuchua mahindi, na mwalimu wangu alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi kama majirani zake wote, ila yeye alikuwa amesoma seminari. Alifika mwaka wa kwanza wa falsafa, akaacha, au akaachishwa. Hilo hatukuambiwa na hatukuthubutu kuuliza. Alirudi nyumbani na koti moja jeusi na daftari moja la jalada gumu, na mtaa mzima ukaendelea kumwita Fratera, kama wanavyoitwa waseminari, hata baada ya kuoa na kuzaa watoto wanne. Hakuchukia kuitwa hivyo. Nadhani alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Daftari lile lilikuwa la mantiki. Msimu wa kupukuchua, mwezi wa saba na wa nane, upepo wa huku unapokata masikio, tulikaa jikoni mchana kutwa tukiuzunguka moto wa magunzi, vidole gumba vikiwa na malengelenge, na Baba akiendesha mchezo. Alitoa kauli mbili. Ya kwanza aliiita kauli kuu, ya pili kauli ndogo. Sisi tulitakiwa kutoa ya tatu, yaani hitimisho, na lazima ianze na neno "basi". Kila mti una mizizi. Mkaratusi ni mti. Basi? Aliyewahi kujibu alipewa karanga kutoka mfuko wa lile koti jeusi. Zilikuwa na vumbi na zilinuka tumbaku, na mpaka leo sijala karanga tamu kama zile.

Nyingi nilizila mimi. Dada yangu Skolastika, tuliyemwita Skola, alinizidi miaka minne lakini mchezo ule ulimshinda. Siku moja Baba alisema, "Kila mbwa ana mkia. Simba ni mbwa. Basi?" Simba alikuwa mbwa wetu, na mkia wake ulibanwa na mlango wa zizi akiwa mdogo, ukakatika wote. Skola alimtazama Simba, aliyekuwa amelala pale pale karibu na majivu, akasema, "Lakini Baba, Simba hana mkia." Mimi nikapaza sauti, "Basi Simba ana mkia!" Nikapewa karanga. Baba akamwambia Skola, "Hapa hatumwangalii mbwa, tunaangalia hoja. Mantiki haina shangazi." Huo ulikuwa msemo wake, akimaanisha kwamba mantiki haimpendelei mtu. Tulicheka sana. Mama peke yake hakucheka. Alisema neno kwa Kifipa, taratibu, na Baba akamwambia aseme kwa Kiswahili, kwa sababu hoja huendeshwa kwa Kiswahili. Mama aliishia darasa la nne, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maharage. Akachukua hindi jingine.

Huyo Skola asiyepata karanga ndiye aliyefaulu darasa la saba. Katika shule yetu alichaguliwa msichana mmoja tu, naye ni yeye, kwenda shule ya bweni mkoa mwingine. Fomu ya kujiunga ilipofika, Mama aliuza maharage aliyokuwa ameyaweka kwa mbegu, akanunua ndoo ya bluu yenye mfuniko. Skola alitarizi herufi za jina lake kwenye shuka mbili kwa uzi mwekundu. Kila akipita karibu na ndoo aliufungua mfuniko na kuufunga tena, kusikia unavyolia. Alitaka kuwa nesi.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliitisha kikao.

Kilikuwa Jumapili baada ya misa, mvua inanyesha, kwa hiyo wakakaa jikoni: Baba, mdogo wake ambaye sisi tulimwita baba mdogo, na wazee wawili wa jumuiya, kila mmoja na kikombe chake cha pombe ya ulezi. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Skola alisimama nyuma yake. Mimi, nikiwa na miaka kumi, nilikuwa nachochea moto.

Baba alisimama kama anayesoma somo kanisani. Akataja mabinti watatu wa mtaani kwetu waliokwenda kusoma bweni: wa fundi baiskeli, wa katekista, na wa mama mmoja aliyekuwa akiuza pombe. "Wote watatu," alisema, "wamerudi na mimba. Ni uongo?" Wazee wakatikisa vichwa kwamba si uongo.

Sisi tunaoifundisha kazi hii huiita njia ya kupanda. Unamwona mmoja, unamwona wa pili, wa tatu, halafu unapanda mpaka kwenye neno "kila". Kupanda si kosa. Bila kupanda hata mkulima asingejua lini apande ulezi. Kosa ni kupanda ngazi yenye vipandio vitatu na kudai umefika mbinguni. Lakini mzee gani pale jikoni angehesabu vipandio? Baba alikuwa na koti jeusi.

"Kila binti anayekwenda bweni hurudi na mimba," akasema. "Skolastika ni binti anayekwenda bweni." Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu, na mkono tayari uko mfukoni. "Gaude, mwanangu. Basi?"

Nilikuwa na jibu kabla hajamaliza. Niliona macho ya wazee wote yamenigeukia, na nawaambia ukweli, nilijisikia mtu mkubwa. Nikasema, "Basi Skola atarudi na mimba."

Wakapiga makofi. Baba mdogo akapiga goti lake akisema, "Jamani! Hata mtoto ameliona!" Baba akanimiminia karanga viganja viwili, mpaka nyingine zikadondokea majivuni.

Mama akasimama. Alisema kwa Kifipa, na safari hii kwa sauti ya kusikika: na Veneranda je? Veneranda alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alisoma shule ile ile ya bweni, akarudi na cheti, na sasa alikuwa nesi wa zahanati yetu. Ijumaa iliyopita tu alikuwa amenichoma sindano ya homa, nami bado nilikuwa nachechemea.

"Mama Skola," Baba alimjibu kwa upole, kama unavyomjibu mtoto. "Huwezi kuvunja kauli ya wengi kwa mtu mmoja. Hiyo siyo mantiki."

Wanaume wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilimcheka mama yangu nikiwa na karanga tele mdomoni. Mama akaketi tena kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani, na mkutano ukaisha.

Ndoo ya bluu ikawa ya kuchotea maji. Shuka zenye herufi nyekundu tulilalia sisi wadogo mpaka zikachanika. Skola alikwenda shamba na Mama, na kabla ya mavuno yaliyofuata alikuwa na mimba ya kijana wa mtaa wa pili, mnunuzi wa maharage, ambaye aliikana mbele ya watu. Mnajua Baba alisema nini? Alisimama pale pale jikoni akasema, "Mnaona? Nilisema." Hakuna aliyemuuliza alisema nini hasa. Alisema wanaokwenda bweni ndio wanaorudi na mimba. Skola hakwenda bweni! Aliipata mimba yake nyumbani kwa baba yake, akiishi kwa mantiki ya baba yake. Kama mimba ile ilithibitisha jambo lolote, ilithibitisha kwamba kauli kuu ya Fratera haikufaa hata kuwashia moto. Lakini mtaa mzima ulimwona nabii.

Skola alipelekwa kwa shangazi yetu Wampembe, huko chini ziwani, akajifungua huko na akaolewa huko. Miaka minne baada ya kikao kile ilifunguliwa sekondari ya kutwa karibu na kwetu, nami nikaenda kwa miguu. Baba alinisindikiza siku ya kwanza, amevaa lile koti. Alijivuna barabara nzima.

Nilielewa nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mhadhiri, mama mmoja mfupi asiye na makeke, aliandika ubaoni kwamba kauli inayoanza na "kila" huangushwa na mfano mmoja tu. Akaupigia mstari. Hata ukileta mifano elfu ya kuiunga mkono, alisema, mmoja wa kuipinga unatosha. Akaendelea na P na Q zake, na wenzangu wakaendelea kunakili. Mimi niliweka kalamu chini, nikatoka nje, nikasimama koridoni nimeegemea ukuta. Ndani ya jiko lile kulikuwa na wanaume wanne na mtoto mmoja hodari wa kufunga hoja, na mtu pekee aliyejua mantiki alikuwa mama yangu, kwa Kifipa, huku akichekwa.

Baadaye nilijifunza na lile lililobaki, kwamba uhalali wa hoja ni kitu kimoja na ukweli wake ni kingine. Hoja halali ni kama mashine ya kusaga. Ukitia mahindi itatoa unga, na ukitia mchanga nao itausaga vizuri tu, bila kukuuliza kitu. Mimi nilikuwa mashine nzuri sana. Hakuna aliyenifundisha kutazama kwenye kinu kabla ya kuanza kusaga, na yule aliyejaribu, sikumpa hata nafasi ya kumaliza sentensi. Mama alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Hilo nalo linanikasirisha, na hapo sina mwingine wa kumlaumu.

Mwaka jana nilimwendea Baba. Ni mzee sasa, macho yamefifia, anaota jua barazani. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamweleza yote kwa utaratibu, kauli kwa kauli, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hoja ilikuwa halali," akasema.

"Ilikuwa halali, Baba. Lakini ilikuwa ya uongo, na Mama alikuonyesha."

Alifuta macho kwa kiganja. Nilidhani labda analia. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Mimi nilitoa kauli mbili tu, Gaude. Ya tatu uliisema wewe."

Niliondoka bila kuaga. Wiki nzima nilimtukana moyoni, nikiwa njiani kwenda kazini, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kanisani. Ilinichukua wiki hiyo nzima kukiri kwamba kilichoniuma si uongo wa maneno yake. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ametoa kauli ya kweli.

Nikapanda gari la Wampembe. Skola nilimkuta uani kwake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapasua samaki, migebuka ya kukausha. Mikono yake ina magamba mpaka kwenye viwiko, na kasi yake ni ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Nilimweleza habari za "kila" na za mfano mmoja, na kwamba Mama alikuwa sahihi, na kwamba mimi nilikuwa na miaka kumi tu. "Nilikuwa mtoto, dada," nikamwambia.

Hakuacha kupasua. "Siku ile sikuwa namtazama Baba," alisema. "Nilikuwa nakutazama wewe. Neno la Mama lisingesikika, langu ndiyo kabisa. Lako wangelisikia. Nilijua unamjua Veneranda. Nikawa nangoja umtaje."

Nikamwambia tena kwamba nilikuwa mtoto.

Ndipo akaweka kisu chini, akaniangalia.

"Ulikuwa mtoto, sawa," akasema. "Lakini hukuwa mjinga, Gaude. Ungekuwa mjinga ningekusamehe siku ile ile."